Baiskeli Haiegeshwi kwa Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka kwenye treni Malampaka nikiwa na sanduku la bati, barua ya ajira na viatu vilivyonibana. Nilikuwa kijana wa Kondoa niliyetoka chuo cha afya, na Kisukuma sikujua hata neno la kuombea maji ya kunywa. Aliyekuja kunipokea alikuwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ameshika baiskeli mbili, moja kila mkono. Aliitupia jicho barua yangu akanirudishia.

“Baiskeli unaijua?” akaniuliza.

Nikamwambia naendesha tangu shule ya msingi.

“Kuendesha si kazi. Hata mwizi anajua kuendesha. Kesho nitakufundisha kuegesha.”

Nilidhani ananitania. Sasa nimekwisha kustaafu, magoti yamechoka, na mwaka huu kauli ile ilinirudia mbele ya watu kwenye maonyesho ya vyombo vya zamani hapa Bariadi. Nilikuwa nimesimama na baiskeli yangu ya kazi, kipaza sauti mkononi, na mzee mmoja akawa ameniuliza nilikuwa napeleka nini nyumbani kwa baba mkwe wake. Mkewe alisimama ubavuni mwake ananitazama. Mume hakujua jibu, mke alilijua. Nami nilikuwa nimekuja pale kusudi kusema ukweli wa kazi yangu.

Nitaeleza kwa mpango, ila niwaonye kwanza wasomaji wa hapa kwetu wasijisumbue kumtafuta mama huyo. Jina lake nimebadilisha. Kijiji cha kwao nitakiita Lingeka, ingawa sicho, na anakokaa sasa nitapaita Dutwa, ingawa sipo. Akina mama wa umri wake walijaa uwanjani siku ile.

Ukoma, kwa wasioujua, ni ugonjwa wa ngozi na mishipa ya fahamu. Huanza na baka lililofifia, haliwashi, haliumi, na hapo ndipo penye shida, maana kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Ukiachwa, mishipa hufa, mkono hupoteza hisia, vidole hukunjika, na mtu huungua bila kujua. Dawa ipo, inaponya kabisa, na mgonjwa akishaanza kuimeza hamwambukizi mtu. Hayo tuliyasema katika kila mkutano wa hadhara. Watu walitikisa vichwa kukubali, kisha wakarudi nyumbani wakalihama benchi alilokalia mgonjwa.

Kupima tulitumia pamba. Mgonjwa hufumba macho, nawe unasokota kinyuzi cha pamba na kumgusa nacho hapa na pale, naye anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Ukigusa kwenye baka, naye akabaki kimya anangoja aguswe, umeshapata jibu lako. Kisha unapapasa mshipa wa kiwiko kwa ndani kuona kama umevimba. Pamba sikuibeba kutoka hospitali. Niliichuma mashambani njiani, na wakulima walidhani nakagua ubora wake.

Baiskeli zetu zilikuwa nyeusi, nzito, za breki za vyuma, na madigadi ya nyuma ilipakwa rangi nyeupe ili chombo cha mradi kisipotee. Aliyebuni rangi ile hakuwahi kuishi kijijini. Haukupita mwaka kila mtoto aliijua baiskeli ya madigadi nyeupe na ugonjwa inaoufuata. Ikisimama mlangoni kwa mtu, mtu huyo kwisha habari yake.

Ndiyo maana Mratibu alianza na kuegesha. Asubuhi ya pili tulifika kijiji kimoja kama saa tatu. Mgonjwa wetu alikaa nyumba ya pili kutoka barabarani. Mratibu akaipita kana kwamba haioni, tukaenda kuziegemeza baiskeli kwa balozi wa nyumba kumi, ng'ambo kabisa ya kijiji. Akasalimia, mwangaluka, akajibiwa, akaulizwa habari za ng'ombe ambao hakuwa nao, akaomba maji. Baada ya hapo akatangaza kwamba tumekuja kukagua vyoo. Tulikagua vyoo sita, tukainama na kuchungulia kwelikweli. Cha nne kilikuwa cha mgonjwa, na hapo nyuma ya ukuta wa nyasi ndipo Mratibu alipompa vidonge vyake na kumpapasa viwiko.

“Umeona?” aliniuliza tuliporudi barabarani.

“Nimeona tumepoteza saa mbili, mzee.”

“Hizo saa mbili ndizo kazi yenyewe. Vidonge angeweza kuvipeleka yeyote. Sikiliza, Rajabu. Baiskeli haiegeshwi kwa mgonjwa. Mvua inyeshe, jua liwake, uwe unaumwa wewe mwenyewe, haiegeshwi.”

Nilikaa naye Maswa miaka mingi. Nilijifunza Kisukuma cha kusalimia, cha kuomba njia na cha kubembeleza mtu amalize dawa. Watu waliniita Bwana Choo, na watoto walinifuata wakiimba jina hilo. Mchumba wangu wa kwanza aliniacha kwa sababu yake, akasema hawezi kuolewa na mtu anayechungulia vyoo vya watu. Sikumweleza kitu. Usiri tuliapa chuoni, lakini chuoni hawakutuambia kwamba utatuchosha kuliko baiskeli.

Kisha nikahamishiwa upande wa Meatu. Kule nchi ni pana, vijiji viko mbalimbali, na kati ya kijiji na kijiji unakutana na mashamba ya pamba, ng'ombe na mito ya mchanga ambayo mvua ikinyesha huwezi kuivuka. Msimamizi wangu huko alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa mchapakazi, simnyimi haki yake, lakini aliamini zaidi fomu kuliko macho. Siku moja alinikalisha mbele ya meza yake.

“Mwenzako wa tarafa ya jirani anaona wagonjwa mara mbili ya wako,” alisema. “Wewe unafanya nini huko?”

“Nakagua vyoo, mkuu.”

“Nani kakutuma?”

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akavua kofia, akaiweka juu ya meza.

“Huu ni ugonjwa kama mwingine. Tukiuficha sisi wenyewe, nani ataacha kuuogopa? Nenda moja kwa moja kwa mgonjwa.”

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na hadi leo kuna siku naona alikuwa sahihi kuliko Mratibu. Lakini gharama ya kanuni aliyoitoa ofisini ingelipwa na watu wa vijijini. Nilimwambia sawa mkuu, nikatoka, nikaendelea na vyoo vyangu kimyakimya. Kwa hiyo linalofuata sitaki mtu amtwishe yeye. Ni langu.

Lingeka kulikuwa na binti ninayemwita Kabula, umri kama miaka kumi na tisa. Alikuwa na baka moja tu kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Matibabu yake yalikuwa ya miezi sita, pakiti moja kila mwezi, na alikuwa amebakiza mbili. Alikuwa ameposwa, ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba yake, na harusi ilingoja pamba ivunwe. Yeye, wazazi wake na mimi tu ndio tuliojua. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeukuta mshipa wa kiwiko umeanza kuvimba, nikamwambia safari ijayo nitampima nguvu za vidole, na zikipungua nitampeleka hospitali apate dawa ya kutuliza mshipa. Jambo hilo halitaki kucheleweshwa, maana mshipa ukishakufa haufufuki.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka alfajiri. Niliziba pancha mbili njiani, na ya pili solusheni iliniishia nikafunga tyubu kwa mpira. Nilipofika Lingeka ilikuwa alasiri, wingu limetanda upande wa mtoni, na nilijua mvua ikinitangulia nitalala ng'ambo. Nyumba ya balozi ilikuwa mwisho wa kijiji, na vyoo sita nilivikumbuka kimoja kimoja, na miguu haikunitaka tena. Nikajisemea, robo saa tu. Nikaiegemeza baiskeli kwenye uzio wa minyaa wa nyumba ya Kabula, madigadi nyeupe ikitazama njia, nikaingia.

Nilimpa vidonge vya mwezi ule. Vidole vilikuwa vimeanza kulegea kidogo, kile cha mwisho hasa. Nikamwambia nitarudi wiki ijayo na barua ya hospitali. Nilipotoka, wanawake watatu waliokuwa wakitoka kisimani walikuwa wamesimama na ndoo zao, wanaitazama baiskeli. Niliwasalimia. Waliitikia wakapita upande wa pili wa njia.

Mto niliuvuka mkavu. Ile mvua haikunyesha kabisa.

Niliporudi na barua ya hospitali, ng'ombe hawakuwepo zizini. Upande wa mchumba ulikuwa umekuja kuwachukua, kwa adabu, bila kutaja sababu. Baba yake Kabula alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Hakuinuka.

“Binti hayupo,” alisema.

“Mzee, mkono wake unahitaji hospitali haraka. Nielekeze aliko, nitakwenda hata iwe wapi.”

“Na baiskeli hiyo?”

Akaniambia, bila hasira yoyote, nisirudi tena. Nilirudi mara nne. Mara zote nilikuwa nimeiacha baiskeli mbali, na mara zote alinijibu hilohilo. Niliuliza kwa ndugu, kwa mwalimu, kwa katekista, hakuna aliyenipa njia. Kwenye rejista safu ya mwisho ya kila mgonjwa huandikwa amepona, amehama, amefariki au mtoro. Mtoro ni yule aliyeacha dawa. Nililiandika neno hilo mbele ya jina lake kwa mkono wangu, na nilijisikia vibaya kama mtu aliyemsingizia mwenzake mahakamani. Baba yake alifariki miaka michache baadaye, na njia ya mwisho ya kumpata ikafungwa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bariadi, wakati huo bado tuko chini ya Shinyanga. Nikawa mratibu mimi mwenyewe, nikapewa pikipiki. Baiskeli ya zamani ilipofutwa kwenye orodha ya vifaa, mtunza bohari akaniambia niiondoe inamzibia njia, nikaipeleka nyumbani. Vijana waliokuja kazini niliwafundisha kuegesha kabla ya jambo lingine lolote. Walinicheka, kama nilivyomcheka mwalimu wangu. Wengine nilikuwa mkali nao kupita kiasi, na mmoja aliomba uhamisho kwa sababu yangu. Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alisema nimelitumikia taifa katika sekta ya afya. Nilipewa redio na kitenge cha mke wangu. Neno ukoma halikutajwa tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga, nikarudi nyumbani nimechoka kuliko siku zote.

Basi mwaka huu Afisa Utamaduni, binti wa Kitanga mchangamfu, akapita nyumba kwa nyumba kutafuta vyombo vya zamani vya maonyesho. Aliikuta baiskeli yangu ukumbini. Nikampa masharti: nitakuja, nitaiendesha mwenyewe, na nikipewa nafasi nitasema ilifanya kazi gani. Akafurahi sana.

“Ndiyo tunachotaka, babu. Historia isipotee.”

Nilijiandaa wiki mbili. Nilipaka mnyororo mafuta, nikabadili gololi za pedeli, nikanyoosha ringi ya mbele kwa spana ya spoki mpaka ikazunguka bila kugusa breki. Madigadi nyeupe sikuigusa. Na usiku wa kuamkia siku yenyewe niliandika kwenye karatasi maneno yangu: kwamba kwa baiskeli hii nilipeleka dawa za ukoma, kwamba waliopona ni wengi na wako kati yetu, na kwamba nimechoka kuitwa Bwana Choo. Mke wangu aliisoma akaniambia mstari wa mwisho niufute. Sikuufuta.

Uwanjani kulikuwa na Landrova za mkoloni, trekta la magurudumu ya chuma, lori la pamba lenye bodi ya mbao, pikipiki za mapadri, na sisi wa baiskeli kama kumi na wawili. Tulitakiwa kuzunguka uwanja mara mbili. Wazee wenzangu walidandia kwa mtindo wetu wa kale, mguu wa kushoto kwenye pedeli, wa kulia unasukuma ardhi mara tatu, kisha unarushwa nyuma juu ya keria. Mimi wa kulia ulikataa kupanda. Nikashikiwa kama mtoto anayefundishwa. Mzunguko wa kwanza nilipumua kwa kinywa. Wa pili nilikuwa nyuma ya wote, goti linalia, jasho linaingia machoni, na watu wananishangilia kwa huruma, jambo linalokera kuliko kuzomewa. Hata hivyo nilifika bila kuweka mguu chini.

Afisa Utamaduni akanipa kipaza sauti. Nikatoa karatasi yangu mfukoni. Ndipo mzee mmoja mnene, mwenye kofia ya pama na furaha ya siku ya sherehe, akasogea hadi kwenye kamba.

“Ngoja, ngoja. Hii baiskeli naijua,” alisema kwa sauti, na watu wakamgeukia. “Mimi nilikuwa mgeni kule, utingo wa lori la pamba kama lile pale. Tulipita Lingeka, nikaiona imesimama kwa mzee mmoja, kwenye minyaa. Madigadi hiyohiyo nyeupe. Kumbe yule mzee akaja kuwa baba mkwe wangu. Sasa, Bwana Afya, ulikuwa unapeleka nini pale?”

Pembeni yake alisimama mama mrefu aliyejifunika kitenge begani. Nisingemtambua uso. Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa ameuficha mkono wa kulia chini ya kitenge, na jua lilikuwa kali. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, hakuniomba chochote. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu aliyokwisha kuizoea.

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilitamani kuisoma, sitaficha. Nilimkumbuka na yule msimamizi wangu wa Meatu: nani ataacha kuuogopa? Lakini ningeusema ukweli wangu kwa mdomo wangu, na gharama angeilipa mtu mwingine jioni ile nyumbani kwake. Nikaikunja karatasi.

“Nilikuwa nakagua vyoo,” nikasema. “Na kwa kuwa umeniuliza hadharani, nitakujibu hadharani. Choo cha baba mkwe wako kilikuwa kibovu kuliko vyote vya kata ile. Nilikwenda mara sita ndipo akachimba kingine.”

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Yule mzee alicheka kuliko wote, akajipiga mapaja.

“Ni kweli,” akawaambia watu. “Mzee yule alikuwa bahili.”

Kutoka nyuma sauti ikaita Bwana Choo, na wengine wakaipokea. Choo cha marehemu kilikuwa kizuri tu, cha udongo uliosilibwa na mfuniko wa mbao. Nilimsingizia mtu aliyelala kaburini, Mungu anisamehe, na aliyekwisha kunifukuza kwake kwa haki. Afisa Utamaduni akaandika kwenye kadi ya baiskeli yangu: ukaguzi wa vyoo. Nikarudisha kipaza sauti nikaenda kukaa kivulini kwenye tela la trekta, sina nguvu hata ya kukunja suruali.

Wakanifuata, mume mbele, mke nyuma.

“Mwadila, Bwana Afya,” mama alisalimia.

“Mwadila, mayu,” nikamwitikia, yaani mama.

“Umenichekesha sana, mzee wangu,” mume alisema akinikamata bega. “Njoo tupige picha na hiyo baiskeli. Mama, shika usukani.”

Mama alishika kwa mkono wa kushoto. Mume akamwambia ashike kwa yote miwili, na upepo ukasogeza kitenge, nikauona. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimekunjika kuelekea kiganjani. Kwenye kiganja kulikuwa na kidonda kibichi cha moto, kimefunikwa nusu na kitambaa kilichochafuka. Mume aliniona natazama.

“Hivyo vidole aliungua na uji alipokuwa mtoto,” alieleza. Kisha akatabasamu, na nakumbuka jinsi alivyojivuna. “Lakini usimwonee huruma. Mke wangu haogopi moto. Anaepua sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Wakwe wote wa kijiji wanamsifu.”

“Pole, mama,” nikasema.

Miaka yote ile nilikuwa nikijipa moyo kwamba pengine mshipa ulipona wenyewe, maana inatokea. Haukupona. Nilitazama kidole kile cha mwisho, ambacho dawa ya mshipa ikiwahi ingekiokoa, na nikaona aibu kiasi kwamba nilishindwa kuinua macho. Mpiga picha alipomaliza, mume alikwenda kulitazama lori la pamba. Mama alibaki hatua moja nyuma, akarekebisha kitenge.

“Bwana Afya,” alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo hata mumewe angeweza kuisikia. “Sisi choo chetu tumejenga upya, kule Dutwa. Hakijakaguliwa.”

Nilimtazama nisijue kama nimeelewa. Alikuwa ameelewa zaidi yangu.

“Nitakuja kukikagua, mayu,” nikasema. “Nitakuja kwa miguu.”

Nimekwisha kwenda mara tatu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu wa magoti yangu, na bodaboda wanaonijua husimama kunibeba, nakataa. Kila nikifika nasalimia, naulizwa habari za ng'ombe, naomba maji. Halafu nakwenda chooni, nainama, nachungulia. Mumewe husema choo chake sasa kimekaguliwa kuliko cha hospitali. Nikitoka naomba maji ya kunawa, mama analeta beseni, na anabaki amechutama upande wa pili wa beseni, mkono wake wa kulia ndani ya maji. Mkono uliokosa hisia unatakiwa kulowekwa, kupakwa mafuta na kufungwa kitambaa safi, na sufuria ishikwe kwa vishikio vya nguo. Vishikio ameshona mke wangu. Kidonda kinafunga. Vidole havitanyooka, nimemwambia wazi.

Vijana wa kazi hii sasa wana simu, wana pikipiki, na ugonjwa wenyewe umepungua. Sina cha kuwafundisha juu ya dawa. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kazi niliyoifanya vizuri hakuna anayeijua, na niliyoifanya vibaya robo saa naiosha kwenye beseni. Sidai pongezi tena. Karatasi yangu nimeichoma jikoni.

Safari hii ya tatu mumewe alikuwa machungani. Mama aliuloweka mkono muda mrefu, nami nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiyakanda magoti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga njia nzima, na yote yalinikimbia. Yeye ndiye aliyeanza.

“Siku ile ulikuwa umechoka,” alisema, macho yake kwenye maji.

“Nilikuwa nimechoka, mayu.”

“Niliona,” akasema. “Nilikuona tangu unashuka kwenye baiskeli. Nilitaka kukwambia uihamishe, nikakuonea huruma.”